Kempi Meru na Kora: Plani ya Kulala Bonde la Tana Bila Kujipata kwa Ngori

Kila mbogi iko na ule msee wa "wikendi ijayo twende kempi." Watu wanaitikia, emoji za moto zinamwagwa kwa grupu ya WhatsApp, halafu stori inakufa kabla Ijumaa ifike. Leo hatutaki ikufe. Tunakupea plani yote, kuanzia doh mpaka pale utapiga hema, ya kwenda Meru National Park na jirani yake Kora, huko Mto Tana unapita na mtandao unapotea.

Lakini kwanza tuelewane. Hii si Karura, na si ile bash ya Naivasha yenye DJ na choma zone. Huku ukisahau maji hakuna kiosk, na gari ikikwama unaweza kukaa masaa kabla gari lingine lipite. Huko porini utatekeleza tu yale ulipanga ukiwa bado Nairobi.

Huko ni wapi, na kuna nini?

Meru National Park iko mashariki ya milima ya Nyambene, kama kilomita 350 kutoka Nairobi. Ilifanywa mbuga mwaka wa 1966 na ina ukubwa wa kilomita 870 za mraba. Inapitiwa na mito na vijito kadhaa, na kwa hivyo hata wakati kwingine kumekauka, kando ya maji unakuta mikoma na miti ya kijani. Upande wa kusini mpaka wake ni Mto Tana, ambao ndio mrefu kuliko yote Kenya, karibu kilomita 1,000 kutoka milimani mpaka Bahari Hindi.

Ukivuka Tana unaingia Kora National Park, karibu kilomita 1,800 za mraba za vichaka vya miba, mibuyu na mawe makubwa yanayotoka ardhini kama migongo ya ndovu. Kora ndiyo kubwa kati ya hizo mbili, na wageni wake ni wachache sana.

Wanyama? Simba, ndovu, nyati, twiga wenye madoa ya kujipanga kama vigae, pundamilia wa Grevy wenye mistari myembamba, na kifaru weusi na weupe ndani ya eneo lao lenye ulinzi. Tofauti na Mara, hapa huwezi kupata magari ishirini yakizunguka simba mmoja. Unaweza kuendesha asubuhi yote bila kuona gari lingine.

Kwa nini hapa pana heshima yake

Kama uliwahi kuona ile video ya YouTube ya simba akiwakumbatia majamaa wawili wenye nywele ndefu, basi ushaiona Kora. Huyo simba aliitwa Christian. Alinunuliwa akiwa mtoto kwa duka la Harrods, London, mwaka wa 1969, akaletwa Kora mwaka uliofuata kwa mzee George Adamson, ambaye kazi yake ilikuwa kufundisha simba waliofugwa kuishi porini. Mwaka wa 1971 wale majamaa wakarudi kumsalimia, na ndiyo hiyo hagi ikarekodiwa.

Kabla ya hapo, George na mkewe Joy walimlea Elsa, simba wa kitabu cha Born Free cha mwaka wa 1960. Kaburi la Elsa liko ndani ya Meru.

Sasa upande mwingine wa stori. Miaka ya 80 majangili waliingia Meru na Kora na bunduki, wakamaliza ndovu na kifaru. Tarehe 20 Agosti 1989, George Adamson aliuawa kwa risasi Kora akijaribu kuokoa mgeni wake aliyekuwa amevamiwa. Alikuwa na miaka 83. Meru ilibaki kama nyumba iliyohamwa kwa miaka, mpaka KWS wakairudisha pole pole kwa ulinzi na kwa kuleta wanyama kutoka kwingine.

Kwa hivyo ukiona kifaru Meru, piga picha uenjoy, lakini usipost ukiwa bado huko, na zima lokesheni ya simu. Picha yenye lokesheni inaweza kumwonyesha jangili mahali pa kuanzia. Post ukifika nyumbani, andika "Meru" pekee, na imetosha.

Uende lini?

Januari na Februari, au Juni hadi Septemba. Hiyo ndiyo miezi mikavu. Nyasi ziko chini, wanyama wanasogea kwa mito, na barabara za ndani zinapitika.

Machi hadi Mei ni mvua ndefu, na Oktoba hadi Desemba ni mvua fupi. Kuna mahali udongo ni ule mweusi wa pamba. Ukilowa unashika tairi kama ugali kwa sufuria, na hata gari la fo-bai-fo linaweza kulala hapo. Vijito navyo vinaweza kujaa ghafla kwa sababu mvua imenyesha juu milimani, hata kama kwako jua linawaka. Ukikuta maji yanapita juu ya barabara na huoni chini, geuza. Usijaribu kuwa hero wa TikTok.

Doh: maliza stori ya pesa mapema

Trip nyingi hufia hapa, si barabarani. Mbogi ya watu wanne kwa gari moja ndiyo saizi safi: gharama zinagawanyika, na kuna nafasi ya mizigo na maji. Piga hesabu ya vitu hivi:

1. Ada ya kuingia mbugani, kwa kila mtu, kwa kila siku.
2. Ada ya kempi, kwa kila mtu, kwa kila usiku.
3. Ada ya gari, kulingana na viti vyake.
4. Mafuta. Nairobi kwenda na kurudi ni kama kilomita 700. Ongeza 150 za kuzunguka ndani. Gari linalokula lita moja kwa kilomita 8 litataka lita 106 hivi. Weka 120 kwa bajeti.
5. Kukodi gari, kama hamna la kwenu.
6. Chakula, maji na gesi.
7. Pesa ya dharura, angalau sehemu moja kwa kumi ya bajeti yote. Ikirudi nyumbani haijaguswa, mnagawana.

Malipo ya KWS ni kupitia eCitizen, si keshi getini. Angalia bei huko huko wiki unayosafiri, maana hubadilika, na soma tiketi inadumu kwa masaa mangapi. Raia wa Kenya hulipa kidogo kuliko mgeni, lakini lazima uwe na kitambulisho. Lipa ukiwa bado na mtandao, halafu piga risiti picha na uihifadhi kwa simu mbili.

Sheria ya mchango ni hii: tarehe ya mwisho ni wiki mbili kabla ya safari, na ukijitoa baada ya hapo pesa hairudi. Ni noma kuiambia beshte yako, lakini ni afadhali kuliko watatu kulipia gari la wanne.

Barabara: rauka

Njia inayotumika sana ni Thika, Makutano, Embu, Chuka, Meru mjini, Maua, halafu geti la Murera. Tenga masaa saba, na utoke Nairobi saa kumi na moja asubuhi. Si saa kumi na moja ya kuanza kupigiana simu. Saa kumi na moja tairi zinazunguka.

Kati ya Chuka na Meru kuna Daraja la Nithi. Huo mteremko umemaliza watu wengi, na Julai 2022 basi lilitumbukia hapo likaua zaidi ya 30. Shuka na gia ndogo, usikalie breki, na usijaribu kupita mtu. Ukikaribia Maua utakutana na pikapu za miraa zikikimbizana na saa. Wewe hubebi miraa. Wapishe.

Maua ndio mji wa mwisho wa maana. Hapo jaza tanki, pima upepo wa tairi ikiwemo spea, nunua mboga na ndizi, toa keshi kidogo, na mpigie mtu wa nyumbani. Kutoka hapo mpaka geti ni kama kilomita 30.

Geti hufungwa saa kumi na mbili jioni, na kuendesha ndani usiku hakuruhusiwi. Ikweta inapita hapa, kwa hivyo giza huingia muda ule ule karibu mwaka mzima, na linaingia haraka. Mara yetu ya kwanza tulimngoja msee mmoja tao masaa mawili kwa sababu alikuwa anatafuta barafu ya vinywaji. Tulifika geti limefungwa dakika kumi zilizopita. Askari alikuwa mpole, lakini sheria ni sheria. Tulilala lojing'i Maua na usiku mmoja wa kempi ukaenda bure. Barafu iliyeyuka.

Na gari lenyewe? Probox inaweza kufika getini bila shida. Ndani ni stori nyingine, maana unataka gari la juu, na fo-bai-fo kama kuna dalili ya mvua. Kama hamna gari, mathree zinafika Maua na hapo mnaweza kukodi lenye dereva anayeijua mbuga. Hakuna kuingia kwa miguu wala kwa boda.

Maji: hesabu, usikisie

Meru ni chini, sehemu kubwa iko chini ya mita 1,000, na mchana joto linachoma. Weka lita tano kwa mtu kwa siku, za kunywa na kupika pekee. Watu wanne kwa siku tatu ni lita 60, yaani mitungi mitatu ya lita 20. Ongeza mmoja wa dharura. Kuoga na kuosha vyombo tumia maji ya kempi kama yapo.

Usipange kubeba katoni za maji ya chupa. Tangu tarehe 5 Juni 2020, plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku ndani ya mbuga: chupa za maji, vikombe, sahani, mirija, zote. Mifuko ya plastiki ndiyo ilipigwa marufuku nchi nzima tangu Agosti 2017. Beba mitungi, na kila mtu na chupa yake ya chuma.

Tena angalia vifuniko. Ile tabia ya kufunga mtungi na karatasi ya plastiki haiwezi kukusaidia, kwa sababu karatasi yenyewe hairuhusiwi. Nunua mtungi wenye kifuniko cha kukaza vizuri, ujaze, uulaze chini usiku mzima uone kama unavuja. Bora uvuje kwa sakafu ya keja kuliko kwa blanketi zenu.

Maji ya mto ni ya dharura tu. Ukilazimika, yachuje kwa kitambaa safi, yachemshe mpaka yatokote vizuri kwa dakika moja, halafu yaache yapoe.

Msosi na moto

Siku ya kwanza kuleni vitu vya kuharibika haraka: nyama iliyochemshwa nyumbani, mboga, chapo. Siku ya pili ndengu au githeri iliyopikwa mapema ikagandishwa. Itafanya pia kazi ya barafu kwa boksi. Siku ya tatu vitu vya kukauka: mchele, unga, mayai, njugu, viazi. Weka mlo mmoja wa ziada usioguswa, kama mikate na njugu karanga, kwa ile siku gari litakataa kuwaka.

Beba meko ya kilo 6. Usitegemee kuni, na usikate mti. Kama mnataka moto wa kuota, uliza getini kuhusu kuni na uwashe pale tu pametengwa. Usiku ukiisha mwagia maji, koroga jivu, mwagia tena.

Takataka zote zinarudi Nairobi na nyinyi, hata maganda ya ndizi. Nyani akishajua kempi ni hoteli, mgeni anayefuata ndiye atalipa hiyo bili.

Kupiga hema

Kempi za KWS ni za aina mbili. Ya umma, kama Bwatherongi ndani ya Meru, ina vyoo na mahali pa kuoga, na mnaweza kuipata na wageni wengine. Kempi maalum ni ya kundi lenu pekee, lakini hakuna kitu, ni uwanja na miti. Kama ni mara yenu ya kwanza, anza na ya umma. Aibu ya choo cha pamoja ni ndogo kuliko ya kutafuta kichaka usiku na simba anaunguruma.

Fungueni hema kwa keja kabla ya safari. Hesabu vigingi, angalia zipu. Mkifika, fuata hizi:

Kaa mbali na ukingo wa mto. Kiboko hutoka usiku kula nyasi, na hurudi kwa njia zake zile zile. Ukiona kijia kipana kilicholainishwa kinashuka majini, hiyo ni barabara yake, usipige hema hapo. Mamba naye haonekani mpaka amechelewesha mambo yako. Hakuna kuogelea, hakuna kukaa ukingoni na miguu kwa maji, hakuna picha ya "kidogo tu."

Usipige hema chini ya tawi kavu, wala kwa bonde la mchanga hata kama pamelainika kama godoro. Huo ni mto unaosubiri mvua.

Chakula kinalala kwa gari, si kwa hema. Hata dawa ya meno na mafuta ya kujipaka yenye harufu ya matunda. Funga zipu kila ukitoka.

Usiku ukitaka kwenda haja, washa tochi kwanza na umulike pande zote. Ukiona macho mawili yanang'aa, choo kinaweza kungoja. Na mwamshe mwenzako, usiende pekee yako. Kempi haina ua, na wanyama hupita katikati. Ukitaka utulivu zaidi, ulizia getini kuhusu askari wa kulinda kempi.

Wadudu na afya

Mbung'o wako, na wanauma kupitia nguo. Wanapenda rangi ya bluu na nyeusi, kwa hivyo ile luku nyeusi juu mpaka chini iache Nairobi. Vaa kaki, kijani kilichofifia, mikono mirefu. Viatu vikung'ute kila asubuhi kabla ya kuvaa, maana nge hupenda kujificha humo.

Malaria ipo. Muone daktari au mfamasia wiki kadhaa mapema kuhusu dawa ya kujikinga, beba neti, na ukipata homa hata wiki mbili baada ya kurudi, mwambie daktari ulikuwa wapi.

Mtu akizidiwa na jua au akiharisha, mpe maji ya ORS. Huna pakiti? Lita moja ya maji safi, vijiko sita vidogo vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Akinywa kidogo kidogo ni sawa.

Nyoka akiuma: usikate, usinyonye, usifunge kamba ya kukaza. Mtulize, toa pete na saa, uzuie kiungo kisisogee, na umpeleke hospitali mara moja. Hospitali kubwa ya karibu na Murera ni ile ya Methodist, Maua.

Na Kora je?

Karibu na maporomoko ya Adamson kuna daraja linalounganisha Meru na Kora, na kuliona tu kwenye ramani kunakufanya utake kuvuka. Pole pole. Kora haina huduma, barabara zake zinabadilika na mvua, na usalama wa pande hizo hupanda na kushuka. Usivuke bila kuongea na maafisa wa KWS Meru kwanza. Uliza kama njia iko wazi, na kama mnahitaji askari wa kuwasindikiza. Wakisema leo hapana, jibu ni sawa, asante. Kambi ya George, ambayo ndipo alizikwa, haiendi popote.

Kama mnaruhusiwa, nendeni magari mawili, mbebe mafuta na maji ya siku moja zaidi, na mrudi mapema.

Karatasi ya nyumbani

Hii ndiyo sehemu watu huruka. Kabla ya kutoka, andika karatasi moja umwachie mtu mzima anayekujali. Si beshte wa klabu, mtu atakayeshika simu. Mama, buda, au sista yako mkubwa. Iwe na majina ya wote, rangi na namba ya gari, geti mtaingilia, kempi mtalala, siku na saa ya kurudi, na nani aitwe kama hamjarudi. Chukua namba ya ofisi ya mbuga kutoka kwa KWS wenyewe uiandike hapo.

Mkubaliane saa. Kwa mfano: "Jumapili saa mbili usiku kama hatujapiga, piga KWS." Halafu wewe ukipata mtandao Maua, cha kwanza ni hiyo simu, kabla ya kufungua Instagram. Ukisahau, kuna mzazi ametembea sebuleni usiku mzima bure, na safari ijayo hakuna atakayekuamini.

Na mkikwama ndani, kaeni na gari. Gari linaonekana, lina kivuli, lina maji. Mtu anayetembea pekee yake kwa vichaka haonekani na mtu, lakini simba anamwona.

Orodha ya mwisho, isome kwa sauti mkipakia

Hema na vigingi. Neti. Blanketi au begi la kulalia. Tochi ya kichwa kwa kila mtu na betri za ziada. Mitungi minne ya maji. Meko, kiberiti viwili, sufuria, kisu. Chakula na mlo wa ziada. Spea mbili kama zinapatikana, jeki, kipande cha mbao cha kuwekea jeki, kamba ya kuvuta, koleo, pampu. Sanduku la huduma ya kwanza, dawa za kila mtu, ORS. Kofia, mafuta ya jua, dawa ya wadudu. Pawabanki, ramani iliyopakuliwa na nyingine ya karatasi. Vitambulisho, risiti za eCitizen. Gunia la takataka.

Ukimaliza kusoma, rudi kwa ile grupu. Usiandike "tuishie." Andika tarehe, kiasi cha mchango, na siku ya mwisho ya kutuma. Utajua saa hiyo hiyo nani ako serious. Watatu wakituma, safari iko. Yule wa nne atatazama picha za kifaru mkisharudi, bila lokesheni.